Kanga Mbili

Hotuba niliyoitoa Jumamosi mbele ya wanavikundi na wahudumu wa afya, Mbagala, Dar es Salaam. Wengine mlikosa kiti, wengine mlikwama foleni ya Barabara ya Kilwa, basi naiweka yote kama nilivyoisema.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, dada zangu wa vikoba, wadogo zangu manesi mliotoka zamu ya usiku mkaja hivyo hivyo na macho mekundu, na nyie akina baba mliojibanza kule nyuma karibu na mlango kama mnaovizia kutoroka: karibuni.

Nimeombwa nizungumzie misaada ya nje na afya ya mama na mtoto. Mwenyekiti kaninong'oneza, "Mama, usituchoshe na takwimu." Nitajitahidi. Lakini mkunga asiyejua kuhesabu ni mkunga wa kuogopwa, kwa hiyo mtanivumilia kidogo.

Mliovaa kanga, nyoosheni mikono. Eeh, karibu ukumbi mzima. Sasa niambieni: kanga moja inanyonya damu kiasi gani?

Mmenyamaza. Najua, swali baya hilo kabla ya pilau. Lakini wapo waliolijibu.

Ilikuwa Kigoma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley na madaktari wetu walikaa chini na wakunga wa jadi kutafuta kipimo. Mama kajifungulia nyumbani, kibatari kinafuka, hakuna mizani, hakuna chombo chenye alama. Kuna nini? Kuna kanga. Wakaelewana hivi: kanga mbili zikilowa, mama amepoteza nusu lita ya damu au zaidi. Usisubiri ilowe ya tatu. Mpe vidonge vya misoprostoli, tumbo la uzazi likaze. Matokeo yalichapishwa 2005, na akina mama waliolazimika kukimbizwa hospitali walikuwa wachache kuliko kule ambako vidonge havikugawiwa.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndiyo hoja yangu ya leo nzima. Vidonge vilitoka nje. Kipimo kilikuwa kiunoni mwa mama mwenyewe. Kimoja bila kingine, hakuna kitu.

Kwa nini nang'ang'ania damu? Kwa sababu malaria inakupa siku. Damu baada ya kujifungua haikupi siku. Mama mzima kabisa, amejifungua salama, anacheka, anauliza mtoto kafanana na nani, na saa mbili baadaye unamfunika shuka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2023 wanawake 260,000 walikufa kwa sababu za ujauzito na uzazi. Hao ni 700 na ushee kwa siku. Chukua yale mabasi marefu ya mwendokasi, yawe matano, yajaze mpaka mlango ugome kufunga. Wote ni wanawake, wote walikuwa na mimba au wametoka kujifungua. Kesho jaza mengine matano. Keshokutwa tena. Na saba kati ya kila kumi ni wa huku kwetu, Afrika kusini mwa Sahara.

Miaka mingi ya kazi yangu, leba tulikuwa tunapima damu kwa macho. Damu nyingine imeingia kwenye pamba, nyingine kwenye shuka, nyingine iko kwenye beseni imechanganyika na maji ya uzazi na mkojo. Unaangalia, unasema, "Kama kikombe hivi." Kumbe ni jagi! Halafu unaanza kuhangaika: sugua tumbo kwanza, uone. Bado? Choma oksitosini, ile sindano ya kukaza tumbo la uzazi, uone. Bado? Tundika dripu, uone. Huku unaona, huku mama anaondoka.

Mwaka 2023 yakatangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa Tanzania, zaidi ya wanawake 200,000. Fedha zilitoka Mfuko wa Gates, uongozi ukawa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, pamoja na Shirika la Afya Duniani. Walileta nini? Mashine? Hapana. Walileta mpira wa plastiki unaotandikwa chini ya mama, wenye mfuko uliochorwa mistari. Damu inaingia mfukoni, unasoma mstari. Ikifika alama, hufanyi moja moja tena: kusugua tumbo, oksitosini, dawa ya kugandisha damu ile ya traneksamiki, dripu, kumkagua mama, vyote vinakwenda kwa pamoja.

Kutokwa na damu kwa kiwango cha hatari, kuchanwa tumbo kwa ajili ya damu, au kufa, vyote vikijumlishwa, vilipungua kwa asilimia 60. Zamani tulikuwa tunagundua karibu nusu tu ya wanaovuja. Kwa ule mpira wakagunduliwa 93 kati ya 100.

Sasa jiulizeni. Oksitosini tulikuwa nayo? Tulikuwa nayo. Mikono ya kusugua tumbo? Tulikuwa nayo. Dripu? Tulikuwa nayo. Tulichokosa ni mstari kwenye plastiki, na mtu wa kutuambia usisubiri. Ni kile kile cha kanga mbili! Wakunga wa jadi wa Kigoma walikuwa nacho miaka karibu ishirini kabla.

Na maadam nipo Kigoma, acheni nikae huko kidogo, kuna mtu nataka mumjue. Marehemu Dokta Godfrey Mbaruku. Vijana hamumjui, nanyi mnajua wachezaji wa Simba na Yanga mpaka saizi zao za viatu.

Miaka ya themanini alikuwa daktari wa uzazi Hospitali ya Mkoa ya Maweni. Mnaikumbuka miaka ya themanini? Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na glavu tunafua, tunaanika, tunapaka poda, tunavaa tena. Kigoma treni inafika ikijisikia. Mwaka 1984, katika kila vizazi hai 100,000 pale, akina mama 933 walikuwa wanakufa. Mbaruku na wenzake wakakaa, wakachambua kila kifo: huyu kafa kwa nini hasa, nani alichelewa, nini hakikuwepo. Wakaorodhesha hatua 22. Nyingi ziliwezekana kwa vitu vilivyokuwepo pale pale na watu waliokuwepo pale pale. Ilipofika 1991, kutoka 933 idadi ilikuwa 186.

Rudieni na mimi. Kutoka 933?

(Ukumbi: 186!)

Miaka saba. Bila mradi wenye jina refu. Bila fulana.

Wala sisemi haya kubeza msaada. Aliyatangaza kwa wenzake duniani akiandika pamoja na profesa wa Sweden, na Wasweden wamewafundisha wengi wetu. Jina lake limo pia katika ule utafiti wa kanga. Mnaona? Wageni wenye vidonge walipofika Kigoma hawakukuta pori. Walimkuta mtu ameshaanza kazi. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndiyo, lakini mwenyeji awe amefagia uwanja.

Sasa niwape upande wa pili, na huu unaniuma, kwa hiyo nitasema haraka.

Nilifanya kazi kituo kimoja, jina nalihifadhi. Mfadhili akatuletea vifaa vya kumsaidia mtoto aliyezaliwa hapumui: ambu ndogo mbili za kusukuma pumzi, na kile kinyonyio cha mpira chenye umbo la ndege pengwini. Vizuri kabisa, vipya, vina stika. Mkubwa wa wodi akavifungia kabatini. Kwa nini? Kwa sababu ni mali ya mradi, na kila mwisho wa mwezi wanakuja kuhesabu. Ikipungua moja, uandike barua. Ufunguo akautia kwenye mkoba.

Wiki moja mkubwa kaenda semina. Semina ya nini? Ya mradi huo huo. Morogoro, siku tatu, na posho. Usiku akaja binti wa miaka kumi na tisa, uzazi wa kwanza, mtoto akatoka kalegea, rangi ya buluu. Manesi mnajua, tuna kitu tunaita dakika ya dhahabu. Sekunde sitini. Umkaushe, umsugue mgongo, na kama hajalia umpe pumzi kabla dakika haijaisha. Nimemkausha. Nimemsugua. Nikageuka kabatini. Komeo.

Mlinzi alivunja lile komeo kwa nondo. Ilichukua dakika nne au tano, sikumbuki, nilikuwa nampulizia kwa mdomo wangu kupitia kipande cha shashi. Alikuwa wa kiume, kilo tatu na gramu mia mbili. Kwenye kitabu cha MTUHA namba 12, kile cha kumbukumbu za leba, nikaandika kama tunavyoandika. Na ambu zote mbili zilikuwepo, maana mwisho wa mwezi walipokuja kuhesabu, hesabu ilitimia.

Sasa nani alaumiwe? Mfadhili alitoa. Vifaa vilifika. Taarifa ikaandikwa ng'ambo kwamba kituo kimewezeshwa, na si uongo. Mkubwa wangu hakuwa mtu mbaya, aliogopa barua. Mimi mwenyewe niliuona ule ufunguo ukiingia mkobani nikanyamaza, maana nilikuwa mdogo kazini. Kitu kikiwa cha mradi, hakiwi chetu. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Cheka tu mama, usijizuie, lakini ndivyo ilivyo.

Linganisheni na hili. Hospitali ya Haydom, kule Manyara, waliijenga Wanorwe miaka ya hamsini. Huko na kwa wenzao walianzisha utaratibu wa mazoezi mafupi: mwanasesere wa mtoto mchanga na ambu yake vinakaa wazi, mahali unapopita, na mkunga anajizoeza pale pale kazini, kidogo kidogo, mara kwa mara. Hakuna Morogoro. Hakuna posho ya siku tatu. Wakaupanua hadi hospitali 30 katika mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, kwa fedha za Norway na mfuko ulio chini ya Benki ya Dunia. Matokeo yalitoka 2025, akina mama karibu 300,000 na watoto wao. Watoto wanaofia tumboni wakati wa uchungu na wanaokufa ndani ya saa 24 za kwanza walipungua kwa asilimia 18.

Ambu ni ile ile. Pengwini ni yule yule. Mfadhili katoa huku, katoa kule. Tofauti ni kabati na meza! Wadogo zangu manesi, mkirudi kazini Jumatatu nendeni mkaangalie vya kwenu viko kabatini au mezani. Msiniambie mimi. Angalieni tu.

Haya, mwenyekiti ananionyesha saa. Namuona. Baba, uzazi hauna saa.

Niwaulize tena: hii misaada yote ya miaka yote, imefaa? Wapo wanaosema imetulemaza, haina maana, bora iondoke. Nawaambia hao hawakufanya kazi leba miaka ya themanini. Kuna neno moja mabinti hawa hawalijui kabisa: pepopunda ya mtoto mchanga. Mlikuwa mnaita mdudu, mnaita mtoto kaingiwa. Siku ya sita, ya saba, mtoto aliyekuwa ananyonya vizuri anashindwa kufungua mdomo. Ukimgusa, ukiwasha taa tu, anakakamaa kama upinde. Kitovu kilikatwa kwa kisu cha jikoni, kikapakwa majivu. Nimewaona, na kelele za mama zao nazisikia mpaka leo. Mwaka 2012 Tanzania ikathibitishwa kuwa imeutokomeza ugonjwa ule kama tatizo la afya ya jamii. Kwa nini? Kwa sindano ya mjamzito kliniki, kwa wembe mpya, kwa UNICEF na wenzake kulipia chanjo, na kwa nesi wetu kubeba sanduku la baridi juu ya baiskeli. Mtu asiniambie haina maana.

Watoto je? Mwaka 1990, duniani, watoto zaidi ya milioni 12 walikufa kabla ya kufikisha miaka mitano. Mwaka 2022 walikuwa chini ya milioni 5, ingawa watu duniani wameongezeka. Hapa kwetu, utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta vifo vya akina mama 556 katika vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakuta 104. Takwimu za sampuli hupanda na kushuka, mkunga yeyote atakwambia, lakini kushuka huku hata wodini tumekuona. Ila vifo vya wachanga wa chini ya mwezi mmoja, tafiti zile zile mbili, vilitoka 25 kwa kila 1,000 vikawa 24. Ishirini na tano, ishirini na nne. Yule wa kabatini bado yupo.

Sasa bomba limeanza kufungwa, nanyi mmeshaona. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na Julai mosi shirika lao la misaada, USAID, likafungwa rasmi. Mwezi Februari mwaka huo huo, Uingereza ikatangaza kuwa itashusha fungu lake la misaada hadi asilimia 0.3 ya pato lake ifikapo 2027. Mwaka 1970, pale Umoja wa Mataifa, nchi tajiri ziliwekewa lengo la kutoa asilimia 0.7. Zinazotimiza unazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, Norway, Sweden, Denmark na Luxembourg zikiwemo. Msicheke sana. Mwaka 2001, Abuja, marais wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti ziende afya. Hiyo ni ahadi yetu sisi kwa sisi, hakuna Mzungu ndani, na sisi hatujaifikia.

Jirani yangu alikuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii chini ya mradi mmoja. Ana simu ya mradi, ana kibegi cha mradi, anapita nyumba kwa nyumba kuwatafuta wajawazito. Siku moja asubuhi ukaja ujumbe kwenye simu: acha kazi leo, rudisha simu. Simu ikarudi. Majina ya wajawazito yakarudi nayo, yalikuwa humo humo. Akakaa kibarazani akijaribu kuyakumbuka kwa kichwa, akiandika nyuma ya daftari la mwanawe la hesabu. Alikumbuka kumi na nne. Nikamuuliza walikuwa wangapi. Akasema, "Mama, thelathini na kitu." Mpaka leo anawatembelea wale kumi na nne kwa miguu yake, bila senti. Wale wengine simu inawajua.

Kwa nini majina ya wajawazito wa mtaa wetu yalikuwa kwenye simu ya mtu? Hilo ndilo la kumuuliza kila mfadhili anayekuja, na kila kiongozi anayempokea kwa ngoma. Ukiondoka, majina yanabaki wapi? Ufunguo unabaki kwa nani? Muulizeni kwa heshima, na soda mkononi, lakini muulizeni. Wapo wanaojibu vizuri. Ile namba ya dharura 115 ya m-mama, ya kumkimbiza mjamzito kwa gari la wagonjwa, na kama halipo kwa dereva wa hapo hapo kijijini anayelipwa kwa simu, ilianza kwa fedha za Vodafone na wafadhili. Lakini dereva ni wa kijiji. Mfadhili akiondoka, gari halipandi naye ndege. Kazi yetu ni kuhakikisha mafuta yana fungu kwenye bajeti ya halmashauri.

Na hapo nifunge na jambo la hapa Mbagala, maana nimezunguka dunia nzima. Kuna Mfuko wa Pamoja wa Afya, wafadhili kadhaa wanachangia kwa pamoja, na kwa miaka kadhaa sasa fedha zake zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya zahanati na kituo. Zinaingia kwenye akaunti ya zahanati yenyewe, na zahanati ina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwenu wananchi. Nani hapa anawajua wajumbe wa kamati ya zahanati yake? Nyoosheni mikono.

Wawili. Na mmoja ni mjumbe mwenyewe.

Basi sikilizeni. Sera inasema huduma kwa mjamzito ni bure. Nanyi mnajua mnavyokwenda: beseni, glavu, mpira wa kutandika, wembe, pamba, vibana kitovu, yote umenunua mwenyewe kwenye duka la mkabala na geti. Ule mpira wa kutandika mnaonunua, fungu la kununua wenye mistari linaweza kujadiliwa kwenye kikao cha kamati hiyo. Kikao kina tarehe. Mapato na matumizi yanatakiwa yabandikwe kwenye ubao. Wiki ijayo, kila kikundi kimtume mtu mmoja akasome ubao wa zahanati yake, aandike alichokikuta, na kama hakuna karatasi, aandike "hakuna karatasi". Nitapita kwa kila katibu kukusanya. Namba zangu mwenyekiti anazo.

Sasa maswali. Naanza na yule binti mwenye mtoto anayelia, mpisheni aje mbele. Na wewe baba uliyeshika kitasa cha mlango, nimekuona, wewe ni wa pili.